Karatasi ya Septemba 1918

Boston, Jumapili usiku

Mama yangu, na wote hapo nyumbani, mbukwenyi. Bibi shikamoo. Namuomba mdogo wangu akusomee hii taratibu, asiruke mistari kama anavyofanyaga kwenye meseji zangu, maana leo nimeandika ndefu na kuna mahali panakuhusu wewe kabisa.

Mi mzima. Huku ndo kwanza majani yanachomoza kwenye miti, baridi inaondoka kwa kusuasua, na msimu wa besiboli umeanza, basi kwa yule mzee ninayemhudumia redio haizimwi. Mama unamkumbuka, yule niliyekwambia ana miaka 91, miguu imegoma lakini kichwa kiko sawa kuliko changu. Namuogesha, nampa dawa, namkorogea uji wake, afu saa zinazobaki tunakaa sebuleni tunasikiliza mpira. Mwanzoni nilikuwa sielewi kitu. Mtu mmoja anarusha, mwingine anasubiri na gongo, akiupiga anakimbia kuzunguka vituo vinne, akirudi alipoanzia wamepata pointi moja, wakitolewa watatu wanabadilishana, hivyo hivyo awamu tisa. Timu ya hapa ni Red Sox, uwanja wao Fenway uko katikati ya mji tangu 1912, nyumba zimeuzunguka kama vile soko letu la Majengo.

Sasa wiki iliyopita mzee akanituma chumbani nimletee bahasha juu ya kabati. Ndani kuna karatasi imekuwa ya njano, imekunjika hadi inataka kukatika, imejaa vijistari na namba za penseli. Akaniambia hii ni mechi ya Septemba 11, 1918, Red Sox na Chicago Cubs, na aliyeandika ni babu yake yeye mzee, na mtoto aliyekaa pembeni ya huyo babu ni baba yake, alikuwa na miaka 10. Watu wa huku wana hiyo desturi, unaenda uwanjani na penseli unaandika kila mpira unaopigwa, nani kaupiga, nani kaudaka, nani katolewa na wapi. Kwa hiyo mzee akishika ile karatasi anaweza kukusimulia mechi nzima ya zaidi ya miaka mia iliyopita kama aliiona jana. Ananionyesha kwa kidole, hapa awamu ya tatu George Whiteman kaupiga, hapa mchezaji wa Cubs anaitwa Max Flack ukamponyoka mkononi, Boston wakapata pointi mbili, na hizo hizo mbili ndo zilimaliza kazi. Wakashinda 2 kwa 1, wakawa mabingwa. Uwanjani walikuwa watu 15,238. Namba ya mwisho imeandikwa hivyo, Bibi, na wale 8 wa mwisho wamehesabiwa.

Nikamuuliza mbona fainali Septemba, si huwa Oktoba? Hapo ndo akafungua mdomo hadi saa ya dawa ikapita.

Ulikuwa mwaka wa vita, ile vita kuu ya kwanza. Marekani waliingia Aprili 1917, na mwaka uliofuata serikali ikatoa amri kwamba kijana wa umri wa jeshi ama afanye kazi inayosaidia vita ama aende vitani, na Julai waziri wa vita Newton Baker akasema besiboli sio kazi ya lazima. Msimu ukakatwa mwanzoni mwa Septemba, timu mbili tu zikapewa siku chache wamalize fainali. Wachezaji wengi walikuwa wameshaondoka. Cubs walikuwa wamemnunua mrushaji mkubwa kabisa, Grover Cleveland Alexander, akacheza mechi tatu tu akachukuliwa, akapelekwa Ufaransa kwenye mizinga, akarudi masikio yameharibika. Na kuna Eddie Grant, mtoto wa hapa hapa Massachusetts, amesoma Harvard, alikuwa ameshaacha mpira anafanya uwakili, akajiunga na jeshi, akauawa Oktoba 5, 1918 kwenye msitu wa Argonne akienda kuwatafuta wenzao waliozingirwa na Wajerumani. Mwezi mmoja na siku sita kabla vita haijaisha. Huyo nimemfikiria sana.

Fainali ilianzia Chicago Septemba 5. Jana yake lilikuwa limelipuka bomu kwenye jengo la serikali mjini hapo hapo, watu wanne wakafa, kwa hiyo waliokuja uwanjani walikuwa kimya, hata kushangilia hawashangilii. Awamu ya saba watu wakasimama kujinyoosha kama kawaida yao, bendi ikapiga The Star-Spangled Banner, wakati huo bado haujawa wimbo wa taifa, umekuja kuwa 1931, na mchezaji mmoja wa Boston, Fred Thomas, aliyekuwa kapewa likizo na jeshi la majini aje acheze, akageukia bendera akapiga saluti. Watu wakaanza kuimba mmoja mmoja hadi uwanja mzima. Mzee anasema ule wimbo unaopigwa kila mechi siku hizi mizizi yake iko hapo.

Na aliyekuwa anarusha siku hiyo ni Babe Ruth, ambaye huku hata mtoto wa chekechea anamjua. Mi nilijua ni mpigaji tu, kumbe alikuwa mrushaji wa hatari, alikaa awamu 29 na theluthi mbili za fainali bila kufungwa hata pointi moja, akianzia 1916 akamalizia 1918, na rekodi hiyo haikuvunjwa hadi 1961. Mwaka huo wa 1918 wakamwachia na gongo, akapiga homurani 11, yaani kuupiga mpira hadi nje ya uwanja, na hakuna aliyemzidi kwenye ligi. Baadae wakamuuza New York, habari ikatoka Januari 1920, na Boston hawakuona ubingwa tena hadi 2004. Miaka 86! Baba yake mzee alizaliwa, akaona ubingwa wa 1918 akiwa mtoto, akazeeka, akafa, bila kuona mwingine. Mzee 2004 alienda makaburini na gazeti, akalisoma kwa sauti mbele ya kaburi la baba yake, anasema hakuwa peke yake, watu walijaa siku zile makaburini.

Kitu kingine, kabla ya mechi ya tano wachezaji waligoma. Waliahidiwa hela fulani, wakaona wanapunjwa, wakagoma kutoka nje kama saa nzima huku uwanja umejaa na kwenye viti wamekaa wanajeshi waliojeruhiwa Ufaransa, wengine hawana miguu. Mwisho Harry Hooper kwa niaba ya wenzake akakubali wacheze, kwa ajili ya umma na hao majeruhi. Mabingwa walitarajia kama dola 2,000 kila mmoja, wakapata kama 1,100, na kwa sababu ya mgomo wakanyimwa na medali zao. Wazee wengi wa hapa waliwachukia. Mi nawaona walikuwa na haki, mtu ukimwahidi ujira mpe, vita au si vita. Medali zilikuja kutolewa 1993, wenyewe wote wameshakufa, wakapewa watoto na wajukuu pale pale uwanjani. Mkumbuke hilo, nitalirudia.

Wote hao wachezaji walikuwa wazungu Bibi, weusi walikatazwa ligi hiyo hadi Jackie Robinson alipoingia 1947, na Red Sox ndo walikuwa wa mwisho kabisa kukubali, 1959. Mzee amenambia mwenyewe bila mimi kumuuliza, na aliinamisha kichwa.

Sasa lile lililomfanya anitoe ile bahasha. Wakati fainali inachezwa, ugonjwa ulikuwa tayari umeingia mjini. Mwisho wa Agosti mabaharia walianza kuanguka pale gati ya Commonwealth, hapa hapa bandarini, mafua makali, mtu asubuhi mzima jioni uso umekuwa wa bluu. Wiki hiyo ya fainali ukaingia kambi ya jeshi ya Devens, safari ya kama saa moja kutoka hapa, mwezi haujaisha kambi ina wagonjwa zaidi ya 10,000. Na watu walikuwa wanajazana uwanjani, kwenye tramu, kwenye maandamano ya vita. Babu yake mzee alimpeleka mwanae Septemba 11, akaandika ile karatasi yote kwa mkono wake, na wiki ya kwanza ya Oktoba akazikwa. Siku nne tu za kuumwa. Ile karatasi ndo kitu cha mwisho mtoto alichokuwa nacho cha baba yake, na alikitunza maisha yake yote, akamwachia mwanae, na mwanae ndo huyu ninayemkorogea uji.

Nililia Mama. Sio kwa sababu ya mpira.

Maana mzee aliponyamaza akaniuliza, na kwenu, 1918 mlikuwa wapi? Nikamwambia sisi pia tulikuwa vitani. Akashangaa kweli, hakuwa anajua. Nikamweleza kwamba Wajerumani na Waingereza walipigana nchini kwetu miaka minne mizima, kwamba Dodoma Waingereza waliiteka mwisho wa Julai 1916, kwamba Septemba hiyo hiyo wakati Ruth anarusha, kamanda wa Wajerumani von Lettow-Vorbeck na askari wake walikuwa Msumbiji wanakimbizwa, tarehe 28 wakavuka Ruvuma kurudi kwetu, wakapita Njombe hadi Rhodesia, Zambia ya leo, na hawakuweka silaha chini hadi Novemba 25 pale Abercorn, wiki mbili nzima baada ya vita kuisha Ulaya. Na kwamba jeshi halikuwa na malori ya kutosha, wanyama wanakufa kwa mbung'o, kwa hiyo mizigo yote ilibebwa na watu kichwani. Makumi ya maelfu walikufa njiani, wengi sio kwa risasi, kwa njaa na kuhara na homa. Nikamwambia Kariakoo ya Dar ilipata jina kwa hao, Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, akarudia hilo jina mara mbili, Kariakoo, Kariakoo. Na nikamwambia Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo, jinsi walivyochukua chakula, wakachukua ng'ombe, wakachukua wanaume wa kulima, afu mvua nayo ikakataa, Ugogo ikabaki mifupa.

Afu nikamwambia babu yako wewe Bibi alichukuliwa kubeba mizigo hakurudi.

Mzee akauliza swali moja tu. Alikuwa anaitwa nani?

Sikuwa na jibu. Nimekaa pale na ile karatasi mkononi, najua Max Flack aliangusha mpira awamu ya ngapi, najua walioingia uwanjani hadi wa mwisho, na sijui jina la mtu ambaye damu yake ndo hii ninayotembea nayo. Wachezaji wale medali zao zilidaiwa miaka 75 zikalipwa. Wapagazi waliokufa, mishahara yao mingi haikufika kwa familia zao kabisa, waliandikwa kwa namba, na karatasi zenyewe sijui nani anazo.

Bibi, nakumbuka mara moja tu uliongelea hili, nilikuwa darasa la tatu au la nne, tunamenya karanga nje. Ulisema baba yako aliachwa mgongoni kwa mama yake, na njaa ilipozidi mama yake akaenda kumweka kwa watu wa kijiji kingine wampe mtama, akamkomboa mvua iliporudi. Ukasema basi, menyeni karanga. Sikuuliza tena, niliona ulivyofunga uso. Kama bado inauma sana niache, sitakulazimisha, wewe ndo mwenye hiyo habari.

Ila kama unaweza. Mdogo wangu nimekutumia elfu hamsini kwenye simu, nunua bando na ile memori kadi, chaji simu ijae kabisa kabla hujaanza, kaa nae asubuhi akishakunywa chai maana jioni anachoka. Usimkatishe, hata akinyamaza dakika nzima we mwache. Akiongea Kigogo mwache aongee Kigogo, tutatafsiri baadae. Muulize alichukuliwa wakati wa kulima au wa kuvuna, waliokuja kumchukua walikuwa askari au jumbe, walikuwa wangapi kutoka kijiji hicho, kuna aliyerudi akaleta habari? Je, waliwahi kusikia alifia njia ya Iringa au alifika mbali zaidi? Na yule mama aliyemweka mtoto kwa watu apate mtama, nae anaitwa nani, tusimsahau. Na kile kijiji kilichompokea mtoto, tukijue, pengine kuna familia tunadaiwa asante.

Mzee kaninunulia daftari la jalada gumu, karatasi nzuri isiyopauka, kaliweka mezani karibu na redio. Kila asubuhi nikiingia ananiuliza kabla ya salamu, wamepiga?

Mama nitatuma hela ya dawa za presha Ijumaa, usikope kwa mtu. Wasalimie kanisani, na shangazi mwambie zabibu alizokausha zilifika salama, nimekula nusu, nusu nimempa mzee.

Bibi, hayo mengine yasubiri hata mwezi. Jina lake tu kwanza. Hata kama kwenu ni mchana na huku ni usiku wa manane, pigeni, simu nalala nayo.

Mjukuu wako