Barua kwa Rehema: kuhusu zile muvi za vita

Rehema shoga yangu,

Habari za Songea na baridi yenu hiyo? Huku Masasi hatujambo, mama anakusalimu sana, bado anakuita mwanangu wa bwenini kama vile hatujamaliza shule. Nisamehe nimechelewa kujibu, voisi yako niliisikiliza siku ileile ila sikutaka nikujibu mistari miwili halafu basi, maana umeniuliza kitu ambacho nimekaa nacho moyoni miaka. Kwamba wasichana wako wa klabu wanataka waangalie muvi ya vita yenye mwanamke shujaa na we hujui uwape ipi, kila unayofungua mwanamke ama kasimama mlangoni analia mume anaondoka, ama ni nesi wa kupendwa na majeruhi, ama anakufa mwishoni watu wanavua kofia.

Hilo la kufa ndo nataka tuliongee kwanza.

Kuna muvi ya Warusi ya mwaka 1972, ya mwongozaji Stanislav Rostotsky, imetoka kwenye hadithi ya Boris Vasilyev, jina lake ukiligeuza Kiswahili inakuwa kama Mapambazuko ya Hapa ni Kimya. Ni mwaka 1942, vita ya pili ya dunia, huko Karelia kaskazini mwa Urusi, kuna sajini anaitwa Vaskov kachoka na askari walevi, kaomba aletewe wasiokunywa, basi akaletewa mabinti wa mizinga ya kutungulia ndege. Siku moja binti mmoja anawaona Wajerumani wawili msituni, Vaskov anachukua wasichana watano waende wakawakamate, kufika kule wanahesabu si wawili ni 16. Na hawarudi nyuma. Liza anatumwa akaite msaada anazama kwenye kinamasi, Galya ni mdogo mdogo woga unamzidi anachomoka mafichoni anapigwa risasi, Zhenya anawavuta Wajerumani wamfuate yeye ili wamwache mwenzie aliyeumia, anapiga mpaka risasi zinakwisha, na Rita mwenye jeraha la tumboni anamuusia Vaskov mtoto wake halafu anajimaliza mwenyewe. Sonya je, Sonya anakufa kwa sababu ya mfuko wa tumbaku. Vaskov kausahau nyuma, katamka tu kidogo kwamba kausahau, binti anajua ulipo anageuka mbio kumfuatia, anachomwa kisu. Mi nikifika hapo huwa nasimamisha natoka nje kidogo, kwa sababu hiyo ndo naiona kwa wanawake wengi ninaowafahamu, mtu kasema kidogo tu kahitaji kitu na sisi tushaondoka mbio.

Naipenda hiyo muvi na nitaipenda mpaka naingia kaburini. Lakini angalia nani kabaki kusimulia. Vaskov. Yeye ndo anazeeka, yeye ndo anamlea mtoto wa Rita, yeye ndo anarudi kaburini na maua. Wale watano wamebaki mabinti wazuri wadogo hawatazeeka tena, hawatadai pensheni, hawataulizwa na mama mkwe huko jeshini mlikuwa mnalala na nani. Na wanawake waliopigana upande wa Wasovieti walikuwa kama laki 8, wengi tu walirudi wazima, na waliorudi wakakuta huko mtaani wanasemwa maneno machafu, wengine medali wakazificha ili wapate kuolewa. Hao mbona muvi zao hazikuwa nyingi? Nimejiuliza sana hilo Rehema, na jibu ninalopata ni kwamba shujaa wa kike akifa kila mtu anamlilia kwa raha, akirudi hai anaanza kuwa tatizo la mtu.

Sasa ndo nakuja kwenye ninayotaka uwaonyeshe watoto wako. Inaitwa Flame, ya Zimbabwe, mwaka 1996, mwongozaji mwanamke anaitwa Ingrid Sinclair. Wasichana wawili marafiki wa kijiji kimoja, Florence na Nyasha, mwaka 1975 wanatoroka kwao wanavuka mpaka kuingia Msumbiji kujiunga na wapigania uhuru, enzi hizo Zimbabwe inaitwa Rhodesia na inatawaliwa na walowezi. Kule kila mtu anachukua jina la vita, Florence anajiita Flame, mwali wa moto, na Nyasha anajiita Liberty, uhuru. Nimeipenda hapohapo mwanzoni kwa sababu ni marafiki wawili, yaani ni mi na we, mmoja moto moto anataka kukimbilia mbele, mwingine msomi anapima kwanza.

Ila uangalie peke yako kabla hujawapa watoto, maana kule kambini Flame anabakwa. Na anayembaka si askari wa Ian Smith, kiongozi wa hao walowezi, ni kamanda wa upande wao, komredi anaitwa Che. Anapata mtoto. Halafu ndege za Rhodesia zinakuja kupiga kambi, mtoto anakufa na huyo Che naye anakufa, na Flame anayesimama kwenye yale majivu ndo anakuwa mpiganaji kwelikweli, anaongoza wenzake. Kwa muvi nyingine ingeishia hapo, mwanamke kaumizwa kachukua bunduki muziki unapanda. Hii inaendelea. Vita inakwisha, uhuru unakuja, Flame anarudi kuwa Florence, kijijini, mume naye alikuwa mpiganaji sasa maisha yamemshinda, shida tupu, mpaka anaamua kupanda kwenda Harare kumtafuta Nyasha ambaye yeye mambo yake yamenyooka ana kazi ya ofisini. Na Nyasha hafurahi kumuona. Hapo ndo pananichoma kuliko mabomu yote. Rafiki uliyevuka naye mto usiku, uliyelala naye njaa, anakufungulia mlango na unaona usoni kwake kwamba angependa usingekuja.

Unajua iliwapata nini watengenezaji? Ingrid Sinclair alianza kwa kuongea na wanawake wenyewe waliopigana, akitaka atengeneze filamu ya mahojiano ya kweli, lakini kusimama mbele ya kamera na kusema mambo kama hayo kwa sura na jina lako ni kazi nzito, kwa hiyo ikabidi iwe hadithi ya kuigiza. Hata hivyo, muvi ikiwa bado inahaririwa mwaka huohuo wa 1996 polisi wakaja kuchukua picha zake, maana maveterani walilalamika inawachafua, ikasemwa ni uchochezi na ni ngono. Baadaye ikaachiwa, ikaenda mpaka tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Yaani mwanamke kubeba bunduki miaka yote ile haikuwasumbua, kuja kusema alifanywa nini kambini ndo ikawa uchochezi. Nikiandika hapa mkono wenyewe unatetemeka kwa hasira.

Na hii vita haikuwa mbali na sisi hata kidogo. Wapiganaji wa ZANLA, hilo jeshi la wapigania uhuru wa Zimbabwe, wengine walifundishwa hapahapa kwetu, Mgagao kule Iringa, na kabla yao Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa Nachingwea ambako mi nikipanda gari asubuhi nafika mapema tu. Kikosi cha wanawake cha Frelimo kilianza mwaka 1967, na Josina Machel aliyekuwa mmoja wa wale wanawake alifia Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, hajafikisha hata miaka 26, mpaka leo Msumbiji hiyo ndo Siku ya Mwanamke. Ukiwaambia wasichana wako hivyo wataona hiki kitu kimepita uani kwao.

We unamkumbuka bibi yangu wa Newala, yule aliyekuwa anatubangulia korosho tukienda likizo? Sijawahi kukusimulia hii. Bibi ni Mmakonde wa ng'ambo, alivuka Ruvuma na watoto wawili vita ilipopamba moto, na baada ya kuwaficha watoto kwa ndugu upande huu alikuwa anarudi tena kule na mzigo kichwani. Mahindi wakati mwingine, dawa wakati mwingine, na wakati mwingine masanduku ambayo waliambiwa wasiyaangushe. Walikuwa wanawake watupu kwenye mstari wanatembea usiku, mmoja akikohoa wote wanasimama. Aliniambia hayo mara moja tu, nikiwa nimemaliza fomu foo, tumekaa barazani, mikono yake imejaa weusi wa maganda ya korosho, na alisimulia kama mtu anavyokueleza njia ya kwenda kisimani. Nikamuuliza bibi mbona hujawahi kusema, akasema hakuna aliyeniuliza. Hakuwahi kupewa hata karatasi. Wenzake wanaume watatu wa palepale kijijini walikuwa wakiitwa kwenye sherehe wanakaa viti vya mbele, yeye anapika. Alifariki miaka sita iliyopita na mi mjinga sikuwahi hata kumrekodi kwenye simu, simu nilikuwa nayo Rehema, nilikuwa nayo mkononi.

Ndo maana kuna muvi nyingine nataka uwe nayo, hata kama wasichana wataiona inaenda polepole. Sambizanga, ya mwaka 1972 pia, ya Sarah Maldoror, mama mmoja mwenye asili ya Guadeloupe aliyezaliwa Ufaransa, akasomea filamu Moscow, na mwenzie wa maisha alikuwa Mário Pinto de Andrade wa MPLA, chama kilichopigania uhuru wa Angola. Inahusu Angola lakini Angola ilikuwa bado ya Wareno kwa hiyo waliitengenezea Kongo Brazzaville. Dereva wa trekta anaitwa Domingos anakamatwa, mkewe Maria hajui hata kwamba mumewe yuko kwenye harakati, anamfunga mtoto mgongoni anaanza safari kumtafuta. Basi. Muvi nzima anatembea. Ofisi hii wanamwambia nenda ile, kituo hiki wanamwambia hatumjui, mtoto analia, anakaa chini ananyonyesha, anainuka. Huku Domingos anapigwa ndani ataje wenzake na hataji mpaka anakufa. Aliyeigiza Maria, Elisa Andrade, wala hakuwa mwigizaji wa kazi, alikuwa mchumi kutoka Cape Verde, na ndo maana anatembea kama mtu anayetembea kweli. Wapo waliosema hiyo si muvi ya vita kwa sababu bunduki hazilii. Mi namwona bibi yangu kwenye kila hatua.

Ile ya vita ya Algiers, mji mkuu wa Algeria, ya Gillo Pontecorvo, ya 1966, hata we unaijua, wale wanawake watatu wanakata nywele wanavaa kizungu wanapita vizuizi vya Wafaransa na mabomu kwenye mabegi. Iache kwanza. Si mbaya, lakini wale wanawake wanatokea, wanafanya kazi ya hatari kuliko zote, halafu sinema inarudi kwa wanaume, na ukweli wenyewe uliendelea hivyohivyo, nchi ikapata uhuru 1962 na ilipofika 1984 ikatungwa sheria ya familia ya kuwarudisha wanawake chini ya walinzi wao. Djamila Bouhired, mmoja wa wanawake waliopigania uhuru huo, ambaye Wafaransa walimhukumu kifo enzi za vita, mwaka 2019 alikuwa tena barabarani akiandamana na vijana, bibi mzima. Ukitaka siku moja uwasimulie hiyo, inafaa, ila kwa Flame watajiona wenyewe haraka zaidi.

Nikushauri kitu kimoja, usiwaonyeshe mchana wenye kelele za uwanjani, fanya Jumamosi jioni, na msikimbilie maswali, waache wakae kidogo. Halafu waulize Nyasha angefanyaje pale mlangoni. Usiwape jibu. Mi mwenyewe nimeangalia mara nne, mara ya kwanza nilimchukia Nyasha mpaka basi, mara ya nne nikaona naye alikuwa anajificha, ile sura ya Florence inamrudisha kambini na yeye alishajenga maisha juu ya kusahau.

Niandikie walisema nini, hata kwa voisi, ila niandikie itakuwa bora nikae nayo. Na kama mmoja wao ana bibi aliyevuka Ruvuma, Songea hapo hawakosekani, mwambie aende wikiendi hiihii na simu yenye chaji.

Msalimie shemeji na watoto. Mama anasema Desemba usipokuja atakufuata yeye.

Wako,
Zuhura