Barua ya Wazi kwa Mabinti wa Timu Yetu ya Mpira wa Vinyoya

Mabinti zangu,

Nawasalimu kwa upendo, ingawa ninaandika nikiwa na uchungu ambao siku nne hazikutosha kuupooza. Jumamosi iliyopita niliketi benchi la mbele kama kawaida yangu, nikawaona wawili kati yenu mkipiga kinyoya kwenye wavu mara tatu mfululizo mlipokuwa mkianzisha, kisha mkainamisha macho. Mlikuwa mmekwisha kufuzu. Ushindi ungewakutanisha mapema na jozi mnayoiogopa, kwa hiyo mlichagua kushindwa, na kushindwa kwenu kukawatoa mashindanoni mabinti wengine wawili waliokuwa pembeni wakihesabu pointi zenu kwa vidole.

Jioni mmoja wenu aliniambia kwamba hata wachezaji wa Olimpiki walifanya hivyo. Ni kweli walifanya. Kwa kuwa mfano huo mmeutaja wenyewe, nitausimulia hadi mwisho wake.

Tarehe 31 Julai 2012, katika ukumbi wa Wembley Arena jijini London, Wang Xiaoli na Yu Yang wa China walikutana na Jung Kyung-eun na Kim Ha-na wa Korea Kusini. Wachina hao walikuwa mabingwa wa dunia, na taji hilo walikuwa wamelitwaa mwaka mmoja kabla katika ukumbi uleule. Jozi zote mbili zilikuwa zimefuzu. Lakini siku hiyo jozi nyingine ya China, Tian Qing na Zhao Yunlei, ilikuwa imeshika nafasi ya pili katika kundi lake, na mshindi wa mechi hii angeweza kukutana nayo kabla ya fainali. Basi wakaanza kupiga kwenye wavu na nje ya mistari, hata katika seti ya kwanza mfululizo mrefu zaidi wa kurudishiana kinyoya ukawa wa mapigo manne tu. Watu waliolipa viingilio wakawazomea. Baadaye jioni hiyo jozi nyingine ya Korea Kusini na jozi ya Indonesia zikafanya vilevile, na kesho yake wachezaji wote wanane wakaondolewa mashindanoni kwa kosa la kutocheza kwa bidii yao yote.

Sasa nawaomba mwatazame wawili ambao hakuna aliyekuwa akiwatazama. Valeria Sorokina, mwenye miaka 28, na Nina Vislova, mwenye miaka 25, walikuwa wametoka Urusi, nchi ambayo haikuwa imewahi kupata medali ya Olimpiki katika mchezo huu. Katika kundi la Wang na Yu walifungwa na Wachina hao, wakafungwa na Jung na Kim, wakawashinda Wakanada Alex Bruce na Michele Li. Ushindi mmoja katika mechi tatu haukutosha, nao wakatolewa. Wanane wale walipoondolewa, Warusi wakaitwa warudi. Waliwashinda Waafrika Kusini katika robo fainali, wakafungwa na Tian na Zhao katika nusu fainali, kisha tarehe 4 Agosti wakawashinda tena Wakanada, 21–9 na 21–10, wakavishwa medali ya shaba.

Nimewasikia watu wakiiita medali hiyo ya kuokota, na neno hilo huniudhi sana. Mchezaji aliyekwisha kutolewa, ambaye mwili umelegea na moyo umekubali kwenda nyumbani, anaitwa ghafla acheze robo fainali ya Olimpiki, naye anashinda. Hilo haliokotwi. Nafasi ndiyo iliyowajia bila kutarajiwa. Pointi zile 42 za mechi ya mwisho walizipata kwa mikono yao wenyewe, na hata mechi walizofungwa katika kundi walikuwa wamezicheza kwa nia ya kushinda.

Lakini siwezi kuwaachia ninyi peke yenu mzigo huu. Nawe mwanangu kocha, uliyekuwa umekunja mikono huku watoto wakiharibu mchezo mbele yako, ujue kwamba nilikuona. Mtoto wa miaka 15 hajifundishi mwenyewe kuhesabu nani amkwepe. Amefundishwa na sisi watu wazima, tunaouliza nafasi ya ngapi kabla ya kuuliza alichezaje, na tunaomsifu mwanafunzi kwa alama bila kujali alizipataje. Waandaaji nao wana sehemu yao, kwa maana ratiba inayompa mtu faida akishindwa ni ratiba mbovu. Baada ya London shirikisho la dunia lilibadili utaratibu, ikawa washindi wa pili wa makundi hupangiwa wapinzani kwa kura nyingine baada ya hatua ya makundi. Sisi tunaweza kufanya hivyo hapa kwa vikaratasi na kofia.

Mengine nayataja tu kwa kuwa mnayajua: msilaumiane uwanjani, laleni mapema, shikeni masomo, na mumheshimu mwamuzi hata anapokosea.

Msidhani kwamba nimewatupa. Greysia Polii wa Indonesia alikuwa mmoja wa wale wanane. Aliendelea kucheza, na mwaka 2021 huko Tokyo, yeye na Apriyani Rahayu wakatwaa medali ya dhahabu. Ilimchukua miaka tisa. Ninyi mna umri mdogo kuliko aliokuwa nao alipokosea.

Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi nitakuwa langoni. Nataka ninyi wawili mje, na kocha wenu aje, twende pamoja nyumbani kwa wale mabinti mliowanyima nafasi, tukawaombe radhi mbele ya wazazi wao. Raketi ziacheni nyumbani.

Wenu katika malezi,
Mwalimu wenu mstaafu