Kabla hujanunua kiti cha bosi, pima meza kwanza

Wateja wengi wanaokuja kwa karakana yetu hapa Busia wanaanza na swali moja tu, kiti cha bosi ni bei gani, kile kikubwa cha ngozi chenye mgongo mrefu mpaka kichwani. Ukiwauliza wanakitakia nini wanasema mgongo unauma, shingo imekaza, ama karani wao kila jioni anatoka ameshika kiuno. Viti tunauza, na vizuri tunavyo, lakini kabla hujatoa hela zako tunakuomba uangalie meza na laptopu kwanza, kwa sababu mara nyingi maumivu yanatoka huko.

Chukua ofisi ya klaringi ya kawaida hapa mpakani, ile ya kupitisha mizigo forodhani. Malori yanaingia usiku na mchana, karani anakaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi anaingiza entri kwa ASYCUDA, ule mfumo wa kompyuta wa forodha, anangoja majibu, dreva amesimama mlangoni anamharakisha, bosi naye anapiga simu kutoka Kampala, hata kuinuka akanywe maji anasahau. Kiti ni kile cha plastiki cha harusini, hakipandi hakishuki. Na meza ilitengenezwa na fundi aliyeambiwa tu "nitengenezee kaunta", hakuna aliyempimia mtu atakayekaa pale.

Meza ya ofisi ya kawaida inasimama sentimita 72 mpaka 75 kutoka sakafuni. Hizi za kaunta ukizipima unapata 80 hivi, saa zingine zaidi. Mtu mfupi akikaa hapo lazima ainue mabega ndio mikono ifike kwa kibodi, na mabega yakikaa juu hivo masaa matatu manne misuli ya shingo haipumziki hata dakika, jioni kichwa kinagonga anameza Panadol, kesho anarudi palepale. Kuna dada mmoja wa ofisi ya hapa mjini alikuwa ameweka mito miwili juu ya kiti ili aifikie meza, sasa miguu ikawa inaning'inia, ukingo wa kiti unambana nyuma ya mapaja mpaka ganzi, akatafuta katoni ya karatasi za fotokopi akaiweka chini ya kukanyagia. Na alifikiria vizuri kabisa, kila alichoongeza kilikuwa kinajibu shida ya kweli. Bosi wake alituita tulete kiti kipya. Tulichofanya ni kukata miguu ya meza mpaka ikabaki sentimita 67, tukatoa na droo iliyokuwa inagonga magoti, mito ikaondoka, katoni ikaondoka, kiti akabaki na kilekile mpaka alipopata hela ya kingine.

Kujipima ni rahisi. Kaa, nyayo zote zikanyage sakafu, acha mabega yashuke yenyewe, alafu kunja viwiko. Pale viwiko vinapoishia ndio kibodi inafaa kukaa, ama chini kidogo. Meza ikiwa juu ya hapo basi tukate meza, ama tuinue kiti na tukutengenezee kibao cha miguu. Kukata kunafaa kama meza ni ya mtu mmoja. Kama mnabadilishana shifti, mrefu analala mfupi anaingia, hapo sasa nunua kiti cha kupanda na kushuka, na tutakuuzia kwa roho safi kabisa.

Laptopu ni shida ya peke yake. Skrini na kibodi vimeshikana, ukiweka kibodi sawa skrini iko chini, ukiinua skrini mikono inapanda, na hakuna kiti cha bei yoyote kitakachomaliza hiyo. Kichwa cha mtu mzima kina kilo kama 5, kikiinama mbele ni shingo inakibeba siku nzima. Nunua kibodi ya pembeni na mausi, alafu inua laptopu mpaka ukingo wa juu wa skrini ufike usawa wa macho. Huna stendi? Rimu moja ya A4 yenye karatasi 500 ina unene wa sentimita 5 hivi, weka mbili ama tatu, ofisi gani haina rimu. Umbali, nyosha mkono, vidole viguse skrini. Wale wa miwani yenye sehemu ya kusomea chini washushe skrini kidogo, la sivyo watakuwa wanainua kidevu kutwa. Na geuza meza dirisha liwe ubavuni mwako, jua likiwa nyuma linapiga skrini, likiwa mbele linapiga macho.

Sasa kiti cha bosi chenyewe. Vingi ni virefu kwenda nyuma, mtu wa miguu mifupi akikaa mpaka mwisho magoti hayakunji vizuri, basi anasogea mbele, na ule mgongo wa ngozi aliolipia haugusi hata mara moja. Ukikaa mpaka nyuma, kati ya ukingo wa kiti na magoti vibaki vidole viwili au vitatu. Kiuno kipate kitu cha kuegemea. Mguu wa chini uwe na ncha 5, vya ncha 4 vinapinduka haraka mtu akiegemea upande.

Kiti kinachoshuka chenyewe ukikalia usikitupe, ni silinda ya gesi imeisha nguvu, tunabadilisha. Lakini tunawaomba sana, msipeleke kwa fundi akakipige weldi kisimame palepale. Tumeletewa viti vimefanywa hivo na vinatutia hofu, ile silinda ina gesi iliyobanwa kwa presha kubwa, ukiichoma moto inaweza kupasuka na chuma kikarukia juu, yaani moja kwa moja kwa aliyekaa.

Hata ukipanga vyote sawa, mwili hautaki kukaa tu. Inuka kila nusu saa hivi, kapokee simu umesimama, nenda mwenyewe ukachukue karatasi kwa printa. Macho nayo, kila dakika 20 angalia kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20.

Tukija kupima meza tunapita na chini ya meza pia, kwa vile huko ndio tunakuta hatari mbaya kuliko mgongo. Ekstensheni imechomekwa kwa ekstensheni, kompyuta tatu, printa, alafu birika la chai juu yake. Birika la wati 2000 kwa stima yetu ya volti 240 linavuta ampea zaidi ya 8, na ekstensheni nyingi za bei ya chini zina waya mwembamba wa kubeba ampea 6 tu, hata kama plagi imeandikwa 13. Shika waya birika likichemka, ukiwa na joto, toa. Birika liende kwa soketi ya ukutani peke yake. Na stima ikikatika mzime kila kitu kwa swichi kabla ya kwenda nyumbani, maana inarudi saa nane usiku birika halina maji na ofisi haina mtu. Jenereta ikae nje kabisa, siyo koridoni, moshi wake una sumu isiyo na harufu na imeua watu.

Kwa wenye ofisi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inawapa nyinyi jukumu la kulinda mfanyakazi akiwa kazini, na ofisi ni mahali pa kazi sawa na kiwanda. Karani anayekaa hapo masaa kumi anakutegemea kwa hilo.

Kabla hujatuita tupimie vitu vitatu kwa futi ya fundi: kutoka sakafuni mpaka juu ya meza, kutoka sakafuni mpaka pale unapokalia, na kutoka sakafuni mpaka kiwiko ukiwa umekaa mabega yameshuka. Kama mnakaa wengi pima kila mtu na uandike jina. Ukija na hivyo vipimo tunakwambia palepale kama ni kazi ya msumeno ama ni kiti, na kupima ofisini kwa walio ndani ya mji hatulipishi.