YAH: Folda zangu za barua pepe kupotea baada ya ninyi kuhamisha seva

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Usiku wa Jumamosi iliyopita mlihamishia barua pepe zetu kwenye seva mpya. Jumapili asubuhi nilifungua sanduku langu nikakuta kikasha, barua zilizotumwa na pipa la taka, basi. Folda zangu 23, kazi ya miaka 9, hazipo. Mojawapo ni ya mikataba, ambamo mteja wangu alikubali kwa maandishi kuongeza malipo. Sasa anakana, na ushahidi wangu wote umo humo.

Nimewaandikia mara tatu na jibu ni lile lile: futa akaunti kwenye programu yako, kisha iweke upya. Nilitii kwenye simu. Folda zilizokuwa bado zinasomeka pale zikatoweka papo hapo, kwa sababu programu ilikwenda kuchukua orodha kwenye seva, na seva haina kitu. Kwenye kompyuta nilishtuka mapema, nikazima intaneti kabla haijajilinganisha na seva. Nakala iliyobaki ni hiyo moja, nayo si kamili: barua nyingi za zamani zina vichwa tu, ukizibofya hazifunguki. Nawasihi, ushauri huo msimpe mteja mwingine aliyepotelewa.

Tatizo haliko kwangu. Nimeingia kupitia tovuti yenu nikaagiza ionyeshe folda zote, hata zisizosajiliwa, yaani zile ambazo programu huziacha bila kuzionyesha; sikuona hata moja. Hata hivyo kipimo cha nafasi kinasema nimetumia GB 6.4, ilhali barua zinazoonekana hazifiki MB 60. Ama folda zimo kwenye diski ila mmiliki wa mafaili au kiambishi cha majina (kipande ambacho seva hutanguliza kwenye jina la kila folda) kimebadilika, ama hazikunakiliwa kabisa na kipimo hicho ni cha zamani, kimehama pamoja na mafaili mengine. Seva inayotunza barua kwa mtindo wa Maildir, yaani kila barua kuwa faili lake, kwa kawaida huanza jina la kila folda kwa nukta, ambayo ni alama ya kitu kilichofichwa, na amri ya kunakili yenye kinyota (*, yaani "chukua vyote") huyaruka majina ya namna hiyo. Kikasha huhama salama, folda zikaachwa nyuma. Fundi wenu akiorodhesha mafaili yaliyofichwa kwenye seva zote mbili atajua mara moja lipi limetokea.

Kwa hiyo, seva ya zamani isiguswe hata kidogo mpaka folda zangu zipatikane. Kama imeshafutwa, rudisheni nakala rudufu ya kabla ya Jumamosi, tena mahali pa pembeni, ili barua zilizoingia tangu Jumapili zisifunikwe. Nijibuni pia kwa maandishi nakala hizo hutunzwa siku ngapi kabla ya kufutwa, maana leo ni siku ya 5.

Kompyuta yangu bado nimeikata intaneti. Natumia ya kuazima kuandika barua hii, na sitaiunganisha yangu mpaka mnijulishe kwamba folda zimerudi.

Mteja wenu