Kwa Mwanaidi, kuhusu ule mstari mwekundu

Hale, 14 Aprili

Mwanaidi shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mgonjwa wako Hamisi amepona. Dawa mseto ya malaria aliimaliza siku tatu kama ulivyoagiza, na jana nimemkuta juu ya mwembe wa jirani. Ahsante tena kwa kutupokea usiku ule.

Ila kuna jambo limenikaa kichwani tangu pale zahanati. Ulipomtoboa kidole ukatia tone kwenye kipimo cha malaria, nilikuuliza kama ule mstari mwekundu ni damu yake. Ukanijibu, "Si damu, ni dhahabu." Nilidhani unanitania. Nimekuwa nikisoma zamu zote za usiku wiki hii, na nisipokueleza nilichokikuta sitatulia.

Unaijua kazi yangu ya transfoma, vile vifaa vya kupandisha na kushusha volti za umeme. Asili yake ni pete moja ya chuma aliyoitengeneza mwanasayansi Michael Faraday pale Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London. Alikuwa mtoto wa mhunzi, shule alisoma kidogo, akafundishwa kujalidi vitabu, akawa anavisoma humo humo anapovijalidi. Tarehe 29 Agosti 1831 aliizungushia pete hiyo koili mbili za waya wa shaba, akizihami kwa kitambaa cha pamba na uzi. Koili moja akaiunga na betri, ya pili akaipeleka kwenye sindano ya sumaku. Sindano ilistuka alipounga, ikatulia, ikastuka tena alipokata. Umeme uliotulia haukuvusha kitu. Uliobadilika ndio uliovuka. Ndiyo sababu umeme wa kwetu huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na ndio ule mngurumo unaousikia ukinipigia simu nikiwa kazini. Mwaka huo huo alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku, akapata umeme usiokatika. Mitambo ya maji ya Pangani, na hata ile ya Bwawa la Nyerere yenye megawati 2,115, inafuata kanuni hiyo hiyo.

Hayo niliyajua tangu chuoni. Nisilolijua ni kwamba mtu huyo huyo, akiwa na miaka 65, alikuwa akihangaika na dhahabu. Alichukua maji yenye kloridi ya dhahabu, akayatia fosforasi, yakawa mekundu kama juisi ya rozela. Ukiyatazama unaona ni maangavu kabisa, lakini alipopitisha mwali wa mwanga, njia yake ilionekana ndani ya maji, kama jua linavyopenya tundu la bati jikoni kukiwa na moshi. Akatambua kuwa dhahabu bado imo, imegawanyika vipande vidogo ambavyo hadubini za wakati ule hazikuweza kuvionyesha. Wekundu wa dhahabu kwenye vioo ulijulikana zamani. Yeye, mwaka 1857, ndiye aliyeeleza kwamba unatokana na udogo wa vipande vyenyewe. Leo tunavipima kwa nanometa, na nanometa milioni moja ndizo zinazofanya milimita moja.

Kisha akatia chumvi, ya kawaida tu, na wekundu ukageuka buluu. Hapo nimekaa sana, Mwanaidi. Vipande vile vina chaji ya umeme ya aina moja, kwa hiyo husukumana na kubaki mbalimbali. Chumvi huizima ile nguvu ya kusukumana, vinashikamana, na rangi inabadilika. Mimi mtu wa umeme sikuwahi kufikiri kwamba chaji ndiyo inayolinda rangi ndani ya chupa.

Kwenye kipimo unajua kuliko mimi: kingamwili zilizobandikwa kwenye dhahabu hunasa protini ya kimelea, zinasafiri na majimaji hadi mstarini, zinakamatwa na kurundikana pale mpaka jicho linaona. Kwa hiyo usiku ule taa iliyokuwa juu yetu na mstari uliotuambia mtoto ana malaria vilirudi kwenye meza ya mtu mmoja. Naye alipokuwa akitia chumvi kwenye chupa zake hapakuwa na mgonjwa aliyemsubiri. Aliandika kila alichokiona, hata kisichokuwa na kazi yoyote kwake. Baadhi ya chupa hizo bado zimehifadhiwa pale Royal Institution, na maji yake mpaka leo ni mekundu.

Nina ombi. Ukipata kipimo kilichopitwa na muda na hakijatumika, usikitupe. Niwekee, Jumamosi nitakuja tukifungue pamoja. Nimesoma kwamba kabla damu haijafika kuna kipande kidogo ndani chenye rangi ya zambarau au nyekundu, ndipo dhahabu inapokaa ikisubiri. Nataka kukiona.

Msalimie mama, mwambie muhogo wake tumeula na nazi.

Wako,
Zawadi