Kipindi cha Jumatano: ile e isiyosomwa

Bwana asifiwe walimu. Jumatano watoto wa PP2 (mwaka wa pili wa chekechea) na Gredi 1 wanaingia ile e ya mwisho wa maneno ya Kiingereza, inayoandikwa lakini haitamkwi. Msishangae wakisoma cake "ka-ke" na made "ma-de". Si uvivu. Kiswahili kimewazoesha kwamba kila irabu ina sauti yake, nao wanatii tu, kwa hivyo tafadhali msiwakemee.

Andikeni cap, waisome. Kisha bandikeni kikadi cha e mwishoni: cape. E yenyewe kimya, lakini a sasa inataja jina lake la Kiingereza. Toa kikadi, cap inarudi. Mwacheni mtoto aweke na kutoa mwenyewe. Mwaka jana mmoja wangu alikuwa akifika kwa e anajiziba mdomo kwa kiganja, darasa zima likamuiga. Ilinisaidia kuliko chaki yangu yote!

Kwa Biblia tumieni Mwanzo: God made, Eve ate. Hilo la Eve ni tamu, e ya kwanza inasema, ya pili imenyamaza. Ila love, give na have ziwekeni kando kwanza. Kiingereza hakipendi neno liishie na v, ndiyo maana e iko hapo, haibadilishi chochote. Shida ni kwamba nyimbo zetu zimejaa love.

Vikadi nimevikata kwa maboksi ya maziwa, viko kabatini. Mnaovuka kutoka Likoni, tokeni mapema, foleni ya feri mnaijua. Tunaanza saa tatu kamili.