Mfadhili anatuchagulia hadi ugonjwa wa kuugua

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako miaka mingi, tangu lilipokuwa likifika huku Newala na basi la jioni, na sijawahi kukuandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ni ile taarifa yenu ya Bill Gates. Mliandika kwamba Taasisi ya Gates itatumia dola bilioni 200 ndani ya miaka 20 kisha ifungwe 31 Desemba 2045, na kwamba mwenyewe alisema Addis Ababa kuwa sehemu kubwa itakuja Afrika. Mkamalizia kwa pongezi. Hamkuuliza ni nani atakayeamua fedha hizo zitibu nini.

Sisemi fedha zile hazisaidii. Taasisi hiyo ndiyo iliyoahidi dola milioni 750 za kuanzishia Gavi, ambayo hununulia nchi maskini chanjo, na wajukuu zangu wamechanjwa kwa mpango huo. Ilichangia pia utafiti wa chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa hapa nchini Bagamoyo na Korogwe kabla Shirika la Afya Duniani halijaipitisha Oktoba 2021. Anayebeza hayo hajawahi kuzika mtoto.

Kinachoniudhi ni kwamba fedha hufika zikiwa zimeshapewa jina la ugonjwa. Hizi za polio, hizi za malaria, na atakayeumwa kingine ajijue. Hata Shirika la Afya Duniani linabanwa hivyo hivyo. Kwa muda mrefu ada za nchi wanachama hazikufika robo ya bajeti yake, zilizobaki zilikuwa michango ya hiari, na mingi ilikuja na maelekezo ya mtoaji. Kwa miaka mingi Taasisi ya Gates imekuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa kabisa, na sehemu kubwa ya mchango wake ilielekezwa kwenye polio. Nchi wanachama zenyewe ziliona hatari hiyo, ndiyo maana Mei 2022 zilikubaliana kupandisha ada hatua kwa hatua hadi nusu ya bajeti ya msingi. Kama wakubwa wa Shirika hilo huko Geneva wanabanwa, mganga mfawidhi wa zahanati ya kijijini atamwambia nini mfadhili?

Mjomba wangu, aliyenilea baada ya baba kuondoka, alikuwa na presha. Asubuhi moja ya msimu wa korosho alisema kichwa kinamgonga na mkono wa kushoto unakufa ganzi. Tukamkimbiza zahanati. Mashine ya presha ilikuwepo mezani, betri zimekwisha. Ile nyingine ya kupampu mpira wake ulikuwa umepasuka. Nesi, binti mwenye utu, alifanya alichoweza: alimpima malaria, kwa sababu vipimo vya malaria vilijaa kabati zima, na vyandarua vilipangwa hadi kwenye dari. Hakuwa na malaria. Dawa za presha hazikuwepo dirishani. Nje, chini ya mwembe, ilikuwa imeegeshwa pikipiki nzuri yenye stika ya mradi. Haukuwa wa Taasisi ya Gates, niseme haki, bali wa mfadhili mwingine wa mtindo ule ule. Nikaomba imkimbize mzee kituo cha afya. Nikajibiwa kwamba ile ni ya mradi wa ugonjwa fulani, mafuta yake yanakaguliwa kwa kilomita, na atakayeitumia kwa kazi nyingine ataulizwa. Nililia, Mhariri, na umri wangu huu. Bodaboda ilipopatikana tulimweka mzee katikati, nami nyuma nikimshikilia kama gunia, vumbi lote la njia likituishia machoni. Tulipofika upande mmoja wa mwili ulikuwa umeshalala. Aliishi, lakini hakutamka neno tena hadi tunamzika. Mtu huyo alilima mikorosho maisha yake yote, na kilichohitajika asubuhi ile ni betri.

Msiseme hili ni la zahanati moja. Mnakumbuka wanawake wa kujitolea waliotembelea wajawazito majumbani katika wilaya sita za Lindi na Mtwara kuanzia 2010? Fedha zilitoka Taasisi ya Gates kupitia Save the Children, na utafiti ukafanywa na Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na wenzao wa London. Matokeo yalichapishwa 2015 bila kufichwa, nami nawaheshimu kwa hilo. Akina mama wengi zaidi walinyonyesha mapema, lakini vifo vya watoto wachanga havikupungua kuliko kata zisizotembelewa. Kwa mtu wa huku hilo halihitaji profesa. Unamfundisha mama akajifungulie zahanati, anafika, na zahanati ni hiyo niliyoieleza.

Na serikali yetu isijifiche nyuma ya wafadhili. Abuja, 2001, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya, na hatujaifikia. Korosho nayo tunaijua. Asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ilikuwa ikienda kuendeleza zao lenyewe. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, zote zikaingia Hazina. Wabunge wa Kusini walipinga hadi sauti zikawakauka. Msimu ule ule wanajeshi wakaja kuchukua korosho kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, na wapo waliosubiri malipo hadi watoto wakarudishwa nyumbani kwa kukosa michango ya shule. Tungekuwa na kauli juu ya ushuru wetu, tusingemngoja mtu wa Seattle, yaliko makao ya Taasisi ya Gates.

Nataka hivi. Mradi wowote wa afya unaoingia Newala, kabla mgeni rasmi hajakata utepe, uweke fedha kwenye akaunti ya kila zahanati utakayoitumia: za mashine mbili za presha, betri za mwaka mzima, vijiti vya kupimia sukari na dawa za wazee walioandikishwa. Akaunti zipo, tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, ule unaochangiwa na wafadhili, huingia humo moja kwa moja, na kamati ya zahanati inajua kununua betri bila semina ya hotelini. Pikipiki ya mradi inayokutwa imeegeshwa ibebe mgonjwa, na hilo liandikwe kwenye mkataba. Tena, kwa kuwa tarehe ya kufungwa Taasisi ya Gates tumeshaambiwa, na mwaka 2025 tuliona jinsi Marekani ilivyosimamisha misaada ghafla, halmashauri ibandike kwenye mlango wa kila zahanati orodha ya kila huduma inayolipiwa na mfadhili, lini fedha yake inakwisha, na nani atalipa baada ya hapo.

Nawe, Mhariri, mtume mwandishi wako huku. Asije siku ya uzinduzi. Aje Jumatatu ya kawaida, akae benchi na wazee wa presha kuanzia saa moja asubuhi, asiondoke mpaka wa mwisho apimwe.

Msomaji wako,
Newala, Mtwara